Je, Wajua? Kinyama cha Mdomoni Hakijulikani kwa Macho

Je, wajua kwamba uvimbe unaoonekana mara nyingi kuliko wote kinywani mwa watu wazima, kwa hesabu ya madaktari, si uvimbe wa kweli? Unaitwa fibroma. Huota hasa ndani ya shavu, usawa wa mstari ambapo meno ya juu hukutana na ya chini, au upande wa ndani wa mdomo wa chini, au ukingoni mwa ulimi. Hauumi. Hautoi damu. Ukiubonyeza ni mgumu kidogo, rangi yake ni ile ile ya nyama inayouzunguka, na kwa kawaida hauzidi sentimita 1.5. Ulimi ndio huugundua kwanza, na ukishaugundua haukomi kwenda kuugusa. Mwenye nao anasimama mbele ya kioo, anavuta shavu, anaona kinyama, na neno la kwanza linalomjia ni saratani.

Kumbe mara nyingi ni kovu tu lililozidi kipimo. Jino lililovunjika ncha, mazoea ya kujing'ata shavu, meno bandia yasiyokaa sawasawa: kitu kimoja kinasugua pahali pamoja kila siku, mwezi baada ya mwezi. Seli ziitwazo fibroblasti, ambazo kazi yake ni kufuma nyuzi za kolajeni panapojeruhiwa, hazipati nafasi ya kupumzika. Zinafuma, zinafuma tena, hadi nyuzi zinajaa na kutokeza juu. Kolajeni hiyo ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote katika miili ya wanyama wanaonyonyesha, sisi tukiwamo, kwa hiyo malighafi haikosekani.

Mwiba wa samaki ukichoma ufizi mara moja, jeraha hupona likaisha. Nalitaja hili kwa sababu huku Kamembe, kando ya Ziwa Kivu nchini Rwanda, tunakula sambaza, samaki wadogo, wazima na miiba yao, na mtu akiota kinyama hutafuta haraka cha kulaumu kwenye sahani. Mchomo mmoja haujengi fibroma. Kinachoijenga ni msuguano usiokoma.

Na hapa pana fumbo ambalo wanasayansi wamelishughulikia kwa miaka mingi: kidonda cha mdomoni hupona haraka kuliko kidonda cha ngozi, tena huacha kovu dogo au kisiache kabisa. Mtu aliyejing'ata shavu vibaya Jumatatu, wiki ikiisha hawezi kukuonyesha mahali palipojeruhiwa. Kinywa hicho hicho kinachopona bila alama, kikisumbuliwa bila kupumzishwa, hujenga alama ambayo haitaondoka yenyewe. Fibroma ikishakomaa haipungui kwa kusukutua maji ya chumvi wala kwa kupakwa dawa. Hukatwa kwa ganzi, kwa dakika chache, na ikiwa lile jino lililokuwa likisugua limesawazishwa, ni nadra kurudi.

Jambo jingine ambalo vitabu vya kigeni hulitaja kwa sentensi moja, ingawa kwetu ni la msingi: kwa watu weusi fibroma inaweza kubeba weusi wa ngozi, ikaonekana ya kijivu au ya kahawia. Rangi hiyo peke yake si dalili ya ubaya. Ni melanini ya mwenyewe.

Je, wajua kwamba fibroma ina jamaa wengi wanaofanana nayo kwa sura wakatofautiana kwa tabia? Mwaka 1974 watafiti wawili wa Marekani, Weathers na Callihan, walipitia upya vinyama vilivyokuwa vimeandikwa fibroma wakaona kwamba vingine vina seli kubwa zenye umbo la nyota, baadhi zikiwa na viini zaidi ya kimoja. Wakavipa jina la pekee: fibroma ya seli kubwa. Ni kama asilimia 2 hadi 5 tu ya vinyama vya nyuzi vinavyokatwa kinywani. Huwapata zaidi vijana walio chini ya miaka 30, karibu nusu yake huota kwenye fizi, na haihusiani na kusuguliwa. Wala si saratani. Kwa nini basi watu walijisumbua kuitenga? Kwa sababu seli kubwa zenye viini vingi humtisha asiyezifahamu, na mtu akitishika anaweza kukata nyama nyingi kuliko inayohitajika.

Jamaa mwingine huota kwenye ufizi tu, aghalabu katikati ya meno mawili ya mbele, kwa wasichana na vijana wa kike kuliko wavulana. Ndani yake mna chembe za mfupa. Naam, mfupa unaoota ndani ya nyama laini bila kushikana na taya. Huyu ana tabia ya kurudi: kati ya wagonjwa 100 waliokatwa, 8 hadi 16 humwona tena. Daktari anayemjua hukwangua hadi utando unaofunika mfupa na kusafisha ugaga wote kwenye meno jirani. Asiyemjua hukata kilichotokeza juu, na baada ya miezi kadhaa mgonjwa amerudi kwenye benchi lile lile.

Mama mjamzito naye anaweza kuota kinyama chekundu kwenye ufizi kinachotoa damu kikiguswa na mswaki tu. Homoni za mimba na uchafu uliokaa kwenye meno hushirikiana kukikuza. Baada ya kujifungua hunywea, na kisipotoweka chote hubadilika polepole: mishipa ya damu inapungua, nyuzi zinaongezeka, na kinachobaki ni fibroma. Kwa hiyo kitu kimoja kinaweza kuwa na majina mawili kulingana na mwezi kilipochunguzwa.

Sasa tushuke kwenye taya lenyewe, maana huko ndiko liliko jambo ambalo wilaya yetu ya Rusizi inapaswa kulijua kuliko wilaya nyingi.

Ndani ya mfupa wa taya kunaweza kukua fibroma ambayo nyuzi zake zinageuka mfupa. Madaktari huiita fibroma yenye kutengeneza mfupa. Huanza kimya, mara nyingi katika taya la chini karibu na magego, zaidi kwa wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 40. Hakuna maumivu. Uso unapinda kidogo kidogo, meno yanasogea, na kwa kuwa haumi, mtu anazoea. Inaweza kuchukua miaka. Kote Afrika wapasuaji wa taya wamekuwa wakipokea uvimbe wa aina hii ukiwa umefikia ukubwa ambao wenzao wa Ulaya huuona vitabuni tu, na sababu haiko kwenye ugonjwa. Iko kwenye nauli, kwenye umbali, kwenye aibu ya kujifunika kitenge usoni sokoni, na kwenye ukweli kwamba kisichouma husubiri.

Adimu zaidi ni fibroma ya desmoplastiki, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza na mtaalamu wa mifupa Henry Jaffe mwaka 1958. Katika uvimbe wote unaoanzia kwenye mifupa ya binadamu, huu haufiki hata 1 katika 100. Hauna saratani ndani yake kwa maana ya kusafiri kwenda mapafuni au kwenye ini, lakini hula mfupa ulipo na ukikatwa nusunusu hurudi. Mfupa ambao huupata mara nyingi kuliko mingine ni taya la chini. Ukitaka kujua kwa nini neno "si saratani" halitoshi kumwambia mgonjwa aende nyumbani, huu ndio mfano.

Lakini taya la mtoto likivimba haraka, hapo hesabu ni nyingine kabisa. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, aliitwa kumwangalia mtoto wa kiume aliyevimba pande zote nne za taya. Hakuwahi kuona kitu kama hicho. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye hali ile ile, na akajua hiyo si bahati mbaya ya mtu mmoja. Mwaka 1958 akachapisha makala kuhusu uvimbe huo wa taya za watoto wa Afrika. Oktoba 1961 akatoka Kampala kwa gari pamoja na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson, wakasafiri kama kilomita 16,000 kuelekea kusini, wakipita hospitali 57, wakiuliza kila mahali swali moja: mmewahi kuona watoto wa namna hii? Majibu yalipowekwa kwenye ramani, mpaka ukaonekana. Uvimbe ulikuwapo kwenye nchi za joto na mvua, ukakosekana kwenye nyanda za juu zenye baridi. Burkitt alianza kuuita mpaka wa mwinuko, kisha ikaeleweka kwamba kinachoamua ni joto na mvua, yaani mahali ambapo mbu wa malaria anastawi. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, huko London, waliona kwa hadubini ya elektroni virusi ndani ya seli za uvimbe uliotumwa kutoka Uganda. Vilikuwa virusi vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Leo inakubalika kwamba virusi hivyo na malaria ya mara kwa mara, vikikutana kwa mtoto, huandaa njia ya ugonjwa huo.

Tazameni sasa wilaya yetu. Mji wa Kamembe uko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Teremka Bugarama kwenye mashamba ya mpunga, wilaya ile ile ya Rusizi, na umeshuka hadi karibu mita 1,000. Mto Rusizi unapotoka nchini uko mita 950, mahali pa chini kabisa kuliko pote Rwanda. Mpaka alioutafuta Burkitt kwa safari ya kilomita 16,000 unapita ndani ya wilaya moja, kwa mwendo wa daladala. Ndiyo maana naona si haki mhudumu wa afya wa Bugarama na wa Kamembe kulitazama taya la mtoto kwa jicho moja. Fibroma ya mfupa hukua kwa miezi na miaka. Uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, meno ya mtoto yanalegea, jicho linasukumwa mbele. Nao huu, ingawa ni mkali hivyo, husikia dawa za saratani kuliko karibu saratani nyingine zote za watoto, na wengi wakiwahi hupona. Mtoto huyo hahitaji kung'olewa jino lililolegea. Anahitaji kufika hospitali wiki hiyo hiyo.

Je, wajua kwamba Afrika Mashariki ina hesabu zake yenyewe za uvimbe wa kinywa na uso? Mwaka 2008 watafiti walichapisha matokeo ya miaka 10 ya majibu ya maabara kutoka hospitali mbili za rufaa, Muhimbili ya Dar es Salaam na Mulago ya Kampala. Jumla ilikuwa wagonjwa 1,863. Kila mmoja kati ya hao alikatwa kipande, kipande kikafika maabara, mtu akakitazama kwa hadubini na kuandika jina. Walioota kinyama kikakatwa na kutupwa kwenye ndoo ya taka hawamo. Hawatakuwamo kamwe katika hesabu yoyote, na hilo linaniuma kuliko takwimu yenyewe, kwa sababu nchi hupanga madaktari wake kwa kutazama hesabu.

Vipo pia vitu ambavyo si uvimbe hata kidogo, na bado vimekatwa kwa uchungu mwingi. Mtoto mchanga akiharisha na kuwa na homa, bibi au jirani humfungua kinywa akaona ufizi umevimba na kuwa mweupe pale chonge zitakapotokea. Tanzania huitwa meno ya plastiki, Uganda huitwa ebinyo, Rwanda ibyinyo. Huchokolewa kwa kisu, kwa spoku ya baiskeli au kwa kucha. Kinachotolewa ni chipukizi la jino la mtoto, zima na lenye afya, na mara nyingine jino la ukubwani chini yake linaharibika pamoja nalo. Homa na kuhara vilikuwa na sababu yake kwingine. Hali kadhalika kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa, ambacho Wanyarwanda hukiita ikirimi: kimekatwa kwa vizazi vingi kwa watoto wanaokohoa au kutapika, na watoto wametokwa na damu hadi kufa. Kila mtu amezaliwa nacho. Wengine wana nundu ngumu ya mfupa katikati ya kaakaa, wakaigundua siku waliyoungua na chai. Hiyo nayo ni maumbile, imekuwapo miaka mingi, haihitaji kisu. Nyuma ya chonge za chini, upande wa ulimi, watoto wengi wana vijinundu viwili vidogo vya waridi, kimoja kila upande. Vikiwa viwili na vimelingana, mara nyingi ni mwili wenyewe ulivyoumbwa.

Fizi zote zikivimba kwa pamoja, tazama kwanza dawa anazomeza mgonjwa. Fenitoini, dawa ya kifafa iliyoanza kutumika mwaka 1938, ilikuwa haijamaliza mwaka mmoja sokoni madaktari walipoanza kuripoti fizi zinazokua hadi kufunika meno. Karibu nusu ya wanaoitumia kwa muda mrefu hupatwa kwa kiasi fulani. Nifedipini ya shinikizo la damu na siklosporini wanayopewa waliopandikizwa figo hufanya vivyo hivyo. Asiache mtu dawa kwa ajili ya fizi. Kifafa na shinikizo huua. Amwambie daktari, mara nyingi ipo dawa nyingine, na kupiga mswaki vizuri hupunguza ukuaji huo. Adimu kabisa ni familia ambazo fizi huvimba kwa kurithi, kizazi hadi kizazi, mtoto anafikisha miaka 10 meno yakiwa yamezikwa ndani. Inakadiriwa mtu 1 katika 750,000. Moja ya jeni zinazohusika, SOS1, ilitambuliwa mwaka 2002.

Na zipo fibroma zinazosema habari za mwili mzima. Mtu mwenye vijinundu vingi vidogo kwenye fizi na ulimi, si kimoja wala viwili, anaweza kuwa na ugonjwa wa Cowden, uliopewa jina la ukoo wa mgonjwa wa kwanza aliyeelezwa mwaka 1963. Jeni yake, PTEN, ilijulikana mwaka 1997. Wenye ugonjwa huo wako katika hatari kubwa ya saratani ya matiti na ya tezi ya shingo. Daktari wa meno makini anaweza kuwa mtu wa kwanza kuokoa titi la mama aliyekuja kwa ajili ya jino.

Basi jina hupatikanaje? Kwanza kwa mazungumzo na kidole. Uvimbe umeanza lini? Unakua? Kuna ganzi kwenye mdomo au kidevu? Meno yamelegea? Kidonda kimekaa zaidi ya wiki 2 au 3 bila kupona? Kidole chenye glavu kinapima ugumu, kinasukuma kuona kama uvimbe unasogea au umeshikana na kilicho chini. Uvimbe wa rangi ya samawati kwenye mdomo wa chini, unaojaa na kupungua, huenda ni mate yaliyovuja kutoka kwenye tezi ndogo ambayo mfereji wake umepasuka. Wa zambarau kwenye kaakaa unaleta wazo la saratani ya Kaposi, hasa kwa mwenye VVU asiye kwenye dawa. Wa manjano na laini labda ni mafuta, na huu una ishara yake ya kupendeza: ukikatwa na kutumbukizwa kwenye chupa ya formalini, dawa ya kuhifadhia vipande, huelea. Fibroma huzama.

Ikiwa taya limevimba, picha ya eksirei hutangulia kisu. Kisha kipande. Hapa ndipo naomba msomaji asimame nami kidogo, kwa sababu kazi kubwa ya utambuzi hufanikiwa au huharibika katika dakika kumi za mwanzo. Kipande kisibanwe kwa koleo, seli zikipondwa hazisomeki. Kisiwekwe kwenye maji, wala spiriti, wala kwenye friji ya kugandisha. Kiwekwe kwenye formalini ya asilimia 10, ujazo wake ukizidi kipande mara 10 au zaidi, katika chupa yenye mdomo mpana. Formalini hupenya taratibu, kama milimita 1 kwa saa, kwa hiyo kipande kikubwa kilichosongwa kwenye kichupa kidogo huoza katikati huku nje kikionekana kizuri. Chupa iandikwe jina, tarehe na mahali hasa kilipotoka, na isiandikwe kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana.

Maabara huondoa maji yote kwenye kipande, hukijaza nta ya parafini, kisha hukikata vijipande vya unene wa mikromita 3 hadi 5. Unywele wako ni mnene zaidi ya mara 10. Chenye mfupa hulowekwa kwanza kwenye asidi kwa siku kadhaa mpaka kilainike. Halafu kinatiwa rangi mbili. Moja ni eosini, rangi ya kiwandani iliyogunduliwa mwaka 1874. Ya pili, hematoksilini, inatoka kwenye moyo wa mti unaoota Amerika ya Kati na Campeche huko Mexico, mti ambao Wahispania walikuwa wakiusafirisha kwa meli kutia rangi nguo za Ulaya. Zaidi ya miaka 100 tangu maabara zilipoanza kuitumia, haijapata mbadala wa maana. Hematoksilini hutia viini vya seli rangi ya buluu, eosini hutia kolajeni waridi. Fibroma chini ya hadubini ni uwanja mpana wa waridi wenye viini vichache vya buluu vilivyotulia. Saratani huwa na viini vingi, vikubwa, visivyolingana, vinavyogawanyika ovyo.

Kutoka Kamembe, njia ya kipande hicho inaanzia kituo cha afya, inapita hospitali ya Gihundwe, halafu inavuka msitu wa Nyungwe kwenda hospitali ya chuo kikuu ya Butare, pale Huye, au inaendelea hadi Kigali. Mwenye mituweli, yaani bima ya afya ya jamii, akifuata ngazi hizo na karatasi ya uhamisho mkononi huchangia asilimia 10 ya bili ya hospitali. Akiruka ngazi, hulipa mwenyewe. Wapo pia wanaovuka daraja la Rusizi kwenda Bukavu kwa sababu ni karibu, na sioni ajabu, mipaka yetu ni ya watu wanaojuana. Katika mwaka 2012, upande wa pili kabisa wa nchi, kule Butaro wilayani Burera, kilifunguliwa kituo cha saratani kwa ushirikiano wa wizara ya afya na shirika la Partners In Health la daktari Mmarekani Paul Farmer. Mwanzoni sampuli zilisafirishwa hadi Boston zikasomwe huko. Baadaye maabara ikasimama Butaro penyewe, na picha za hadubini zikawa zinatumwa kwa mtandao pale Wanyarwanda walipotaka jicho la pili. Farmer alifia Butaro tarehe 21 Februari 2022. Shule ya udaktari wa meno ya Chuo Kikuu cha Rwanda nayo ni ya muongo huo huo wa 2010; kabla yake, Mnyarwanda aliyetaka shahada hiyo alikwenda nje.

Hata hadubini inaweza kudanganywa. Kuna uvimbe wa ulimi ulioelezwa na Mrusi Abrikossoff mwaka 1926, wa seli zilizojaa chembechembe. Si saratani, lakini hufanya ngozi iliyo juu yake iote mizizi inayofanana kabisa na saratani ya ulimi. Daktari akikata juu juu tu, mtaalamu anaona mizizi bila kuona chembechembe zilizo chini, na mgonjwa anaweza kupoteza kipande cha ulimi bure. Hivyo kina cha kipande ni muhimu sawa na ubora wa hadubini.

Tena jina sahihi linaweza kupatikana hata baada ya miaka mingi. Mwaka 1893 rais wa Marekani, Grover Cleveland, alikutwa na uvimbe kwenye kaakaa. Nchi ilikuwa katika msukosuko wa fedha, akaona habari zisivuje. Tarehe 1 Julai madaktari wakamkata kwa siri ndani ya boti ya starehe, wakaondoa sehemu ya taya la juu, wakamtengenezea kiziba cha mpira ili asiongee kwa pua. Umma ulipata habari kamili mwaka 1917, yeye akiwa amefariki tangu 1908. Uvimbe ulihifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Mütter, Philadelphia. Mwaka 1980, baada ya kuchunguzwa upya, ulitambuliwa kuwa saratani ya aina pole sana, ambayo ni nadra kusambaa, na ndipo ikaeleweka kwa nini aliishi miaka 15 baada ya upasuaji.

Hilo liliwezekana kwa sababu kipande kilitunzwa. Kwenye maabara za kawaida kinachotunzwa ni kile kibonge cha parafini, nacho hudumu miongo kadhaa. Chukua mfano wa uvimbe wa nyuzi wa pekee: ulielezwa na Klemperer na Rabin mwaka 1931 kwenye utando wa mapafu, ukajulikana baadaye kuwa huota hata ndani ya shavu, ingawa kwa nadra. Kwa miaka mingi ulichanganywa na jamaa zake na kupewa majina mbalimbali. Mwaka 2013 ikagunduliwa kwamba jeni mbili, NAB2 na STAT6, huungana ndani ya seli zake, na kipimo cha rangi cha STAT6 kikaanza kuutenga na wengine. Vibonge vya zamani vikatolewa kabatini, vikakatwa upya, na wagonjwa waliokuwa na jina moja kwenye faili wakapewa jingine. Wengi wa wenye uvimbe huu hupona kwa kukatwa tu, lakini wachache hurudiwa hata baada ya miaka 10, kwa hiyo jina sahihi ndilo linaloamua mgonjwa afuatiliwe kwa muda gani.

Kibonge hutafutwa kwa namba ya sampuli, ambayo huandikwa juu ya karatasi ya majibu. Mgonjwa ana haki ya kuomba nakala ya karatasi hiyo kabla ya kuondoka, na akihamishwa kutoka Gihundwe kwenda Huye au Kigali, hiyo ndiyo karatasi ambayo daktari wa huko ataitafuta kwanza.